Kurasa Ambazo Panya Hawakula

Rafiki yangu, nina jambo la kukusimulia. Wiki iliyopita tulirudi Misikhu kugawana vitu vya Kukhu, nyanya yangu, baada ya matanga, nami nikapewa sanduku lake la bati. Chini kabisa, ndani ya leso, nikakuta kurasa nane za kitabu ambazo miaka yote nilijua zililiwa na panya.

Kitabu chenyewe mwalimu alituazima mimi na kijana wa jirani tukiwa darasa la nane. Kilihusu mpanda joka na binti mganga. Kila jioni tulikaa jikoni kwa Kukhu tukipukuchua mahindi, mboga ya mrenda ikichemka na moshi ukituchoma macho, tukibishana. Kijana alisema wale wawili ni marafiki tu. Mimi nilishikilia kwamba wanapendana na lazima waoane. Nilikasirika kweli, maana nilikuwa najitetea mwenyewe.

Kukhu alisikiliza siku nyingi, kisha akauliza, "Si mlisema mama zao wametoka ukoo mmoja?"

Tukakubali.

"Basi hao ni ndugu, bana. Mtu haoi kwa wajomba."

Akatutazama mmoja mmoja. Mama yangu na mama yake kijana nao walikuwa wa ukoo mmoja. Kesho yake kurasa za mwisho hazikuwepo. "Panya," alisema Kukhu, akaendelea kupepeta. Tangu hapo kijana akaniita dada, nami nikaitika.

Sasa nilizisoma nimekaa sakafuni. Wanaoana. Nikazisoma tena. Kukhu hakujua kusoma hata jina lake. Alijuaje cha kurarua? Ndipo nikamkumbuka mwalimu Jumapili moja kabla kurasa hazijapotea, akinywa chai jikoni, kitabu mapajani, sisi tukitumwa mtoni. Alimsomea. Tena moto ulikuwa unawaka mbele yake Kukhu, na hakuzichoma.

Jiko lile lilibomolewa zamani, na wa kuniambia kwa nini alizitunza hayupo. Nilimpigia simu kijana, ambaye sasa ana duka la mbegu Kitale na wajukuu wawili.

"Wale walioana," nikamwambia.

Hakuuliza ni kina nani.

"Hata mimi nilijua wataoana," akasema. "Nilikuwa nabisha ndio tusimalize kitabu haraka."

Nikasikia mteja akimwita.

"Haya, dada," akasema. "Salimia watu wa nyumbani."