Siku Mama Alipomfungia Baba Ndani

Baba yangu alikuwa mwoga. Mtu asinikunjie uso, mimi ndiye kifungua mimba wake na ninajua ninachosema. Wakoli, mzaliwa wa Kimilili, nesi wa miaka mingi, mtu mzima na kitambi chake, akiona mbwa hapa mtaani kwetu Tassia, yeye ndiye anayevuka barabara. Radi ikipiga anazima taa, anazima televisheni, anajikunyata katikati ya kitanda. Mama alikuwa akimcheka mpaka anashika mbavu.

Na watoto wa mtaa walimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto akiletwa kwake kudungwa sindano, Baba anainama na kumnong'oneza, "Hata mimi naiogopa hii kitu. Tufunge macho sote wawili?" Mtoto anacheka, anafunga. Baba wala hafungi, jamani, angedunga wapi! Ploti nzima, wapangaji wote, ilimwita Dakta, naye alishachoka kuwaambia yeye ni nesi. Jumapili baada ya kanisa ngazi zetu zilijaa watu: huyu kikohozi, yule presha, mwingine amekuja tu kuuliza kama ndoto mbaya huleta ugonjwa. Hakumfukuza mtu.

Halafu korona ikaja, Baba akapangiwa wodi ya wale wanaoshindwa kupumua. Weh! Sijawahi kuona mtu akiogopa hivyo. Asubuhi anaingia chooni, anatapika, ananawa uso, anavaa, anaenda. Jioni anavua nguo mlangoni na kuoga mpaka ngozi inambabuka. Alihama chumbani kwao, akawa analala kwenye kochi ili asituambukize. Mimi nilikuwa nikimsikiliza kutoka kitandani kwangu. Akikwaruza koo tu, moyo wangu unaruka.

Kisha Gichuru akafa. Gichuru alikuwa nesi mwenzake, walikuwa wakila githeri kutoka mkebe mmoja, na alikuwa mdogo kwa Baba. Jioni hiyo Baba alimwagikiwa na chai magotini, wala hakuona. Mama alimpangusa kwa leso yake huku akimtazama. Nilijua ana jambo kichwani.

Asubuhi Mama alibeba beseni lake kama anaenda kwenye kibanda chake cha mboga. Mara tukasikia kufuli likifungwa, kwa nje. Baba alikuwa amevaa sare yake, anamalizia viatu.

"Mama Jacky! Umetufungia!"

"Ndiyo, nimewafungia," Mama akajibu kutoka upande wa pili wa mlango wa chuma. "Leo huendi popote, Baba Jacky. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nataka kicheko nyumbani kwangu."

Akashuka ngazi na ufunguo wake, akaenda kuuza sukuma wiki mtaa wa Pipeline.

Nilidhani Baba atapiga kelele. Wapi! Alikaa chini, akavua viatu, akanyoosha miguu. "Jacky, niwekee chai," akasema. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto aliyeambiwa leo hakuna hesabu. "Mimi ningefanyaje? Si nimefungiwa?" Tukacheka wote wawili. Nilifurahi, msinihukumu, nilifurahi mpaka nikaongeza sukari bila kuulizwa. Nilisema moyoni, Mungu, wakitaka wamfute kazi, wamfute, bora awe hai.

Simu ikalia. Alikuwa Khalif, nesi kijana wa wodi ile, na alikuwa anaongea kwa sauti kubwa hivi kwamba nilisikia kila kitu.

"Mzee, uko wapi? Niko peke yangu hapa! Kuna mama amenishika mkono, hataki kuniachilia, na wengine wananiita. Mzee, nitafanya nini?"

"Nimefungiwa ndani, Khalif."

"Umefungiwa na nani?"

Baba akakata. Akaweka simu chini, akanywa chai kidogo, ikamshinda. Akaanza kuvaa viatu.

"Baba, hapana."

Akaenda dirishani, akamwita Opicho, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa na kibanda hapo chini. "Opicho! Panda na grinda, uje ukate kufuli!" Mimi nikamshika sweta kwa mikono miwili. Nilimwambia atakufa. Nilimwambia, "Utakufa kama Gichuru, na sisi tutakuwa wa nani?"

"Najua," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Naogopa kuliko wewe, Jacky. Lakini na wale wanaogopa, na hawawezi hata kuinuka wakimbie."

Opicho akafika na utani wake. "Niaje, Dakta! Kwani mathe wa nyumba amekukasirikia?" Alipotuona kwa kitundu cha mlango akaacha utani, akawasha mashine. Cheche zikaruka mpaka ndani. Baba alishuka zile ngazi ameshika ukuta, na mimi nikabaki na kikombe chake.

Mama aliporudi na kukuta kufuli limekatwa, alikaa kwenye ngazi na beseni lake mapajani. Baba aliporudi jioni hawakugombana. Mama alipika ugali na kuku, akamwekea firigisi, kipande cha mwenye nyumba, ingawa haikuwa sikukuu.

Homa ilimshika wiki iliyofuata. Walimlaza katika wodi yake mwenyewe, na sisi tukakatazwa kwenda. Khalif ndiye aliyempigia Mama simu, akaiweka kwenye sikio la Baba.

"Mama Jacky, naogopa."

"Najua. Hata mimi. Usinijibu, tunza pumzi. Sikiliza tu."

Mama akavuta kiti cha plastiki mpaka kwenye soketi ili simu isizime, akaongea. Alimwambia leo maji ya mfereji yametoka. Alimwambia Tiffany wa nyumba ya pili ameng'oka jino na analitafuta kila mahali. Akamgombeza kwa sababu ya kufuli, akamgombeza vizuri sana, kisha akamwomba msamaha, kisha akamgombeza tena. Majirani walisimama kwenye ngazi, na yeyote aliyekuwa na kredo ya simu alimtumia Khalif ili simu isikatike. Mimi nilikaa sakafuni nimekumbatia miguu ya Mama. Nilisikia pumzi za Baba kwenye simu. Ikichelewa moja, na mimi nazuia yangu mpaka irudi.

Siku zikaenda hivyo, kisha alasiri moja pumzi haikurudi.

"Mama," Khalif akasema, analia. "Pole, Mama. Mzee ametuacha."

Mama hakupiga mayowe. Alihamisha simu kwenye sikio la pili.

"Khalif, mwanangu, usikate. Mrudishie simu sikioni. Bado sijamaliza kumwambia."

Khalif akamrudishia, na Mama akaendelea.