Kumlilia Aliye Hai

Mwaka wetu wa mwisho chuo kikuu tulitumwa nyanjani kufanya utafiti, na sisi wanne tuliotoka pande za ziwani tukapanga nyumba moja mjini Homa Bay, nyuma ya duka la Mwislamu mmoja aliyetuuzia sukari kwa vipimo vya maskini bila kutucheka. Yule wa botania alijaza sebule ndoo za magugu maji, ambayo miaka ile yalikuwa yameanza kulifunika ziwa. Wa kemia alishinda Osiri kwenye machimbo ya dhahabu, akarudi na tope lenye zebaki kwenye chupa za jemu, akatuonya tusiliguse, kisha yeye mwenyewe akala ugali bila kunawa. Wa zoolojia alipasua matumbo ya sangara juu ya meza yetu ya pekee. Mimi wa fasihi simulizi nilikuwa na redio ya kaseti tu, nao wakanitania kwamba nitapewa digrii kwa kusikiliza watu wakilia. Niliwajibu kwamba mzigo wangu angalau haunuki. Ulimi wangu haukuwahi kulala njaa.

Utafiti wangu ulihusu dengo, wimbo wa maombolezo ambao mwanamke wa Kijaluo huutunga papo hapo msibani, akimsifu marehemu kwa majina ya kupanga na kumlaumu kwa kuondoka. Miaka hiyo hukuhitaji kuutafuta. Kila Jumamosi kulikuwa na mazishi, na pale Oyugis maseremala walikuwa wameyasogeza makabati nyuma ya karakana ili majeneza yakae mbele. Nilirekodi kaseti baada ya kaseti. Mwalimu wangu aliyesimamia tasnifu akazisikiliza, akavua miwani, akasema hasikii maneno. Kuna ngoma, kuna ng'ombe, kuna mayowe. Alitaka dengo moja safi, lisilo na kelele, la sivyo kazi haitapita. Yaani alitaka msiba wenye utulivu. Mtu anaweza kusoma mpaka akapitiliza.

Basi nikaenda nyumbani, karibu na Oyugis, kwa mama. Hakukuwa na mwombolezaji kama yeye. Walikuwa wakimwita hata kutoka Migori. Lakini tangu kaka yangu, kifungua mimba wake, arudi kutoka Nakuru alikokuwa karani, suruali imefungwa kwa kamba kiunoni, mama hakukanyaga tena msibani. Akiitwa, alisingizia goti. Ukweli ni kwamba aliogopa kurudi na kifo nyumbani. Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Kwetu sisi ulikuwa kifua, kwa majirani ulikuwa "ule." Seremala wa jirani alikuja kumjulia hali, akamtazama kaka kuanzia utosini mpaka vidoleni, nami nikajua yuko kazini. Nilimchukia yule mzee siku ile.

Kwetu dengo haliimbwi pasipo maiti. Hata ukiliimba kwa kujisahau shambani, watu husema umekiita kifo. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado nikamwomba mama.

"Nimlilie nani?" akaniuliza.

Kaka alikuwa barazani akiota jua, blanketi magotini.

"Nililie mimi," kaka akasema.

Mama alichukua jembe akaenda shambani, na hatukumwona mpaka jioni. Lakini kaka hakuliacha ombi lake. Kila alipopata nguvu alilirudia. Alisema mtu huambiwa mazuri yake yote akiwa ameshazibwa pamba masikioni. "Mimi nataka kusikia, Mama. Nikishafunikwa mtakuwa mnaambiana wenyewe." Mama alimjibu kwamba kifo nacho kina masikio, na kikisikia wimbo huja kutazama ni wa nani. Waliyasema hayo kwa sauti ya chini, nami nimeketi katikati na redio yangu mapajani. Nililitaka lile dengo, na nililiogopa. Yote mawili ni kweli.

Asubuhi moja, kaka akiwa bado anakunywa uji, mama alijifunga leso kiunoni.

"Haya, washa kitu chako," akaniambia.

Dengo haliimbwi kwa kukaa. Alitembea toka mlangoni hadi langoni na kurudi, mkono mmoja kichwani, akimwita kaka fahali wa ukoo wa baba yake, mlima wa mama yake. Akamlaumu kwa barua ambazo hakuandika na kwa mke aliyemwacha. Akamuuliza atamwachia nani kazi ya kumzika yeye mama. Ile haikuwa sauti ya kuigiza. Kaka alifumba macho, kikombe mkononi, akawa anatikisa kichwa polepole.

Tulichosahau ni majirani. Sauti kama ile, kwa mwanamke kama yule, ina maana moja tu. Nilisikia yowe ng'ambo ya kijito, kisha jingine karibu zaidi. Wakaja mbio, wanawake mikono kichwani, wanaume na matawi ya miti, mmoja akiburuta dume la ng'ombe kama ilivyo desturi. Waliingia langoni wakimlilia kaka kwa jina, wakamkuta kitini, uji mdomoni.

Kaka alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikambana, na hakuna aliyecheka naye. Mke wa seremala, aliyekuwa ameshajitupa chini, aliinuka akajikung'uta vumbi.

"Machozi hayarudi machoni," akasema, wakaondoka bila kuaga.

Toka siku hiyo hakuna aliyekuja kumwona. Waliotuletea maziwa waliacha. Wakikutana na mama sokoni walimuuliza habari za mahindi, habari za kuku, wala hawakumtaja mwanawe. Mwanzoni kaka alijiita mzimu anayependa chai. Baadaye aliacha mzaha, akawa anatazama langoni mchana kutwa, na mimi nilikuwa nikienda nyuma ya jikoni kulia.

Mwalimu wangu aliisikiliza ile kaseti hadi mwisho. Akauliza ni nani anayecheka msibani. Nikamwambia ni yule anayeliliwa. Aliizima redio, na kazi yangu ikapita bila swali jingine.

Kaka alifariki mvua za masika zikiwa bado zinanyesha. Safari hii majirani walikuja wakitembea. Walijaa uani, wakanyamaza, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuanza kabla ya mama, na mama alikuwa ameketi kando ya jeneza, leso mdomoni. Shangazi aliinama akamsihi aanze, mtoto asiende kimya.

Mama aliitoa leso.

"Yangu nilishamwambia, akayasikia," akasema. "Sasa mlilieni nyinyi, mliokuwa mkipita kando."

Hakuna aliyeanza.