Memori Ilipokuwa Ikijaa

Miaka ile ya soko huria, kampuni za simu zilipokuwa zikigombania kuta za Handeni kwa rangi zao, mimi nilikuwa nimetoka chuoni na imani moja: intaneti ya kituo chetu cha jamii itakuwa ya bure, na hatafukuzwa mtu. Ahadi hiyo niliitoa mwenyewe, mbele ya wazee.

Alasiri moja ya siku ya mnada, msichana kutoka Kwaluguru alikuwa kwenye kompyuta yetu akipakia vyeti. Alichaguliwa kusomea uuguzi Korogwe, na asipothibitisha kabla ya saa kumi, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Tangu asubuhi tovuti ya chuo ilimkataa. Sasa ilikuwa imemfungulia.

Nilikagua kifaa cha waifai kilichofungwa ukutani. Memori iliyotumika: asilimia tisini na moja. Ikijaa, kifaa kile huganda. Nikikizima na kukiwasha, kazi yote ya msichana ingepotea. Uani walikaa wafugaji na wakulima waliotoka mnadani, kila mmoja na video yake kwenye simu, na kila simu ilikula memori.

Ningeweza kuwakata kwa kubonyeza kitufe. Nilitoka kuwaomba.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Habari za kazi? Nyumbani hawajambo? Mvua je, kwenu imenyesha?"

Nilijibu kila swali, jasho likinitoka. Nilipoeleza shida, waliinuka wote kwa heshima wakaenda kusimama mbali, kwenye ua wa miti ya minyaa, simu mikononi.

Nikarudi ndani. Tisini na sita! Kule minyaani waifai ilifika kwa shida. Simu zilikatika na kujiunga upya, na kila ilipojiunga, kifaa kiliipokea kama mgeni mwingine. Nilitoka mbio.

"Samahanini, wazee wangu! Zimeni simu kabisa!"

"Tukikaa shida, tukiondoka shida!" mmoja akacheka. "Kijana, amua basi."

Walizima. Mfugaji mmoja tu, aliyejifunga shuka lubega, aliikumbatia yake.

"Hii hapana. Binti yangu yuko zahanati kule Makuyuni, uchungu umemshika tangu alfajiri. Laini yangu imefungiwa. Mkwe ananiandikia kwa hii waifai yenu."

Kifaa huchelewa kuzisahau simu zilizoondoka, kwa hiyo memori ilikuwa bado karibu kujaa. Nilimweleza hivyo.

"Hata simu moja itaharibu?"

"Sina hakika, mzee. Huenda."

Nilitamani kumpa jibu lenye uhakika, la kumwondolea mzigo wa kuchagua. Alitazama dirishani, mgongo wa yule msichana ulioinamia kompyuta, kisha akaizima.

Tulisubiri hadi sauti ilipotoka ndani, nyembamba: "Imepokelewa!"

"Imefika?" mzee aliniuliza.

"Imefika, mzee."

Akabonyeza kitufe cha simu yake, akakishikilia. Msichana alitoka akaja kusimama upande wa pili wa mzee. Kioo kikaanza kuwaka, polepole mno, na sote watatu tukakiinamia kusubiri ujumbe wa mkwe.