Mahindi Yaliyokataa Kusifiwa

Mwaka 1965 Jael Nanjala alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja karibu na Khayega. Wanafunzi wake walikisia kwamba samadi ingestawisha mahindi, wakapanda vitalu viwili vya udongo uleule, kimoja tu wakakitia samadi mbichi. Hicho ndicho kilichonyauka, nao wakaandika hivyo daftarini.

Mwalimu mkuu, Bwana Shitanda, akaamuru, "Andikeni yamestawi. Mkaguzi anakuja kesho."

Jael alikataa kwa hasira. "Tuseme uongo? Basi tulijaribu kwa nini? Jaribio likipinga dhana yetu, Mwalimu, tunabadilisha dhana, hatubadilishi matokeo!"

Kesho yake alimwonyesha mkaguzi mahindi yaliyonyauka. Mwezi haukuisha akahamishiwa shule ya mbali huko Likuyani, eti hana nidhamu. Alifunga mizigo kwa uchungu, lakini hakuomba radhi, wala wanafunzi wake hawakufuta walichoandika.