Siku Niliyomwita Baba Mkwe Mchakachuaji

Mtacheka, najua, na mkishamaliza kucheka mtanidharau, na mimi nitakuwa upande wenu, kwa sababu yule mtu niliyekuwa siku ile hata mimi nikimkumbuka natamani kumzaba kibao.

Marehemu mjomba aliniachia msumeno wa injini, hii mashine tunayoiita chensoo, ya zamani mpaka rangi imekwisha, na pale tunapopanga Kariakoo tawi la mwarobaini lilikuwa limelalia bati la chumba chetu. Watu wakasema ita fundi. Nikasema fundi wa nini, kwani mimi sina mikono? (Mikono ninayo. Kilichopungua ni kichwa.) Nikaibeba mpaka mtaa wa Gerezani, kwenye meza ya baba mkwe, Mzee Athumani, ambaye miaka yote anauza oili za mashine na petroli anayoichanganya na oili mwenyewe kwa ajili ya injini ndogo, akanijazia tangi. Sasa mfuniko wa tangi ulikuwa unavujisha, na mimi sikutaka kunuka petroli kwenye bajaji, basi nikafanya kile anachofanya kila mtu mwenye dumu linalovuja: nikachana kipande cha nailoni, nikakitandika mdomoni mwa tangi, nikakaza mfuniko juu yake. Nikajiona nina akili.

Nyumbani nikavuta kamba, chensoo ikanguruma, wapangaji wakapiga makofi, nikapanda ngazi kama bwana mkubwa, dakika haijaisha ikazima. Nikavuta wee, kimya. Nikafungua tangi kuangalia kama mafuta yamo, ikatoa sauti, fyuu, mafuta yamo, nikairudisha nailoni yangu vizuri (vizuri kabisa!), nikakaza, nikavuta, ikawaka, dakika moja, ikazima.

Hapo wakazaliwa mafundi. Jirani yangu mmoja muuza kandambili, ambaye hajawahi kushika hata bisibisi, akasema, "Hiyo plagi, kaka, nakwambia." Nikabadilisha plagi. "Basi chujio." Nikatoa chujio la mafuta nikalisafisha, nikaupuliza na mpira wa kupitisha petroli, hauna tatizo. Nikafungua mpaka kabureta, nikaipanga kipande kipande juu ya mkeka mpya wa mke wangu Rehema (ugomvi wa mkeka tuuache), safi kabisa, nikairudishia, ikawaka, ikazima. Sasa mtu mwenye akili angejiuliza, mimi nimefanya nini? Mimi nikatafuta wa kumlaumu. Nikatangaza kwamba mafuta yana maji, yamechakachuliwa.

"Baba hawezi kufanya hivyo," Rehema akasema.

"Baba yako ni mfanyabiashara kama wengine," nikamjibu. Liangalieni hilo domo.

Nikarudi Gerezani chensoo begani, na mbele ya meza ya mkwe wangu, hata shikamoo sikutoa, nikapayuka, "Mzee, umeniuzia petroli yenye maji!" Palikuwa na wateja wawili wanasubiri zamu, kijana wa gereji kutoka Buguruni na nahodha mmoja wa boti ya pale Feri. Wakatazamana, wakachukua vidumu vyao vitupu, wakaondoka.

Mzee hakupandisha sauti. Akamimina kwenye glasi mafuta kutoka dumu lilelile alilonijazia, akaiweka mezani, tukasubiri maji yatuame chini. Hata tone. Watu wameshajaa. "Haya, washa," akasema. Nikawasha, ikanguruma, ikazima. Nikafungua mfuniko, fyuu.

Meza ya jirani kuna Bi Saumu, anayepima mafuta ya kula. Akageuka. "Hebu kwanza. Hiyo inanyonya hewa. Mimi dumu langu nisipolitoboa tundu la pili mafuta hayashuki. Hilo tangi lako hewa linapata wapi?"

Nikamjibu kwa dharau, mama, hii ni injini, siyo mambo ya maandazi, huu mfuniko una kijitundu chake cha hewa. Akaingiza vidole viwili, akaivuta nailoni yangu, akaining'iniza watu wote waione. "Na hii ya kukizibia ni nini, mwanangu?"

Gerezani nzima ikacheka. Mzee akafunga mfuniko mtupu, akavuta kamba mwenyewe, chensoo ikanguruma mpaka tukaomba izimwe. Nikaanza samahani baba, nisamehe baba, akanikatisha.

"Mimi nimekusikia. Wale wawili wameondoka wakijua mimi ni mwizi. Wafuate."

Akanielekeza pa kuwapata. Yule kijana nilimkuta gereji kwake, akacheka mpaka akakaa chini, akasema kesho atarudi. Nahodha nilimkuta Feri katikati ya mnada wa samaki, nikasimama pale na chensoo yangu nikipaza sauti kumshinda mnadi, nikaeleza habari ya nailoni, ya tundu, ya upumbavu wangu wote bila kuficha. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni nani yake?" akauliza.

"Mkwewe."

"Basi kakutuma," akasema, akageukia samaki.

Nikarudi. Mzee akaniuliza kama wamesikia, nikamwambia wamesikia. Kama wameamini hakuniuliza, na mimi sikuwa na ubavu wa kumwambia.

Tangu siku ile nimeapa, kitu kikigoma mikononi mwangu wa kwanza kukaguliwa ni mimi, na mpaka nimalize kujikagua mdomo nimeufunga. Mzee hajawahi kulitaja jambo lile tena. Ila nahodha hajarudi mpaka leo, na kila nikipita pale nikaona vidumu vya wateja vimepangwa mezani, najua ni kidumu gani hakipo.