Fizikia Aliyoitoa Jecha

Jecha wa Micheweni hajawahi kukubali bei ya kwanza aliyotajiwa. Ananunua mwani kwa akinamama wa pwani, anawauzia wenye maghala, na hapo katikati ndipo alipopatia nyumba na kusomesha watoto. Mwambie jambo haliwezekani, atavuta kiti akae. Namjua vizuri, biashara yetu ni moja, na kanizidi ujanja zaidi ya mara moja.

Binti yake, Mize, alitaka udaktari tangu skuli ya msingi. Alipofaulu kidato cha nne akapangiwa skuli ya bweni Unguja, asome fizikia, kemia na baiolojia. Bi Kazija, mama yake Jecha, ndiye aliyemlea Mize. Akagoma kula.

"Mtoto wa kike avuke maji peke yake! Na mie nikifa kuno, nani atanifumba macho?"

Jecha akaenda ofisi ya elimu kuzungumza. Alirudi anacheka: Mize kahamishiwa skuli ya karibu na nyumbani. Huko mwalimu wa fizikia hakuna, nafasi yake wanasoma jiografia.

"Na fizikia, baba?" Mize akauliza.

"Kemia ipo?"

"Ipo."

"Baiolojia?"

"Ipo."

"Basi! Katika tatu tumepata mbili, na bibi yako kala. Daktari anapima watu, mwanangu, hapimi umeme."

Barazani sote tulicheka. Hakuna aliyeuliza chuo kinataka nini. Sisi wafanyabiashara tumezoea kupunguziana bei. Ukiondoka na mbili katika tatu, umefanya biashara. Ndivyo tulivyoukadiria mtihani wa kidato cha sita, na tulikosea.

Mize alisoma kweli. Matokeo yalipotoka, divisheni wani. Jecha akapika pilau, Bi Kazija akapiga vigelegele mpaka akakohoa. Kisha msichana akaomba udaktari, chuo kikamkataa. Akaomba kingine, jibu likawa lile lile.

Jecha akapanda boti kwenda Unguja, nami nilikuwa na safari yangu, tukafuatana hadi chuoni. Afisa wa udahili, Bi Zulekha, alitupokea kwa adabu.

"Mzee wangu, udaktari unataka ufaulu wa fizikia ya kidato cha sita. Binti yako hakuifanya."

"Ana A ya jiografia."

"Nimeiona. Nzuri sana."

"Basi ihesabuni hiyo. A nzima, mwanangu! Kuna waliopata D ya fizikia mmewachukua."

"Tumewachukua, kwa sababu ni fizikia."

"Hata kwa majaribio? Muhula mmoja tu?"

"Mzee, hapa hatubadilishani. Ualimu wa sayansi nafasi anayo, hata kesho."

Nilimvuta kanzu tukatoka. Tukapanda boti kurudi.

Nyumbani akaanza upya. Ualimu ni kazi, mshahara wa serikali haukauki, nafasi ikiwa mkononi haiachwi. Kwa hesabu alikuwa sawa, na mimi nilimuunga mkono.

Mize alimsikiliza mpaka mwisho. "Baba, wewe ulishanichagulia mara moja."

"Nilikuchagulia kwa ajili ya bibi yako."

"Najua. Na bibi yuko hapo, mzima, anatafuna tambuu."

Bi Kazija akageuza uso ukutani.

Siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi ya ualimu ikapita, Mize hakuthibitisha. Wiki iliyofuata alikwenda Chake Chake kwa Mwalimu Badar, anayewafundisha fizikia watahiniwa wa kujitegemea. Jecha akamfuata bila kuitwa.

"Kaiacha kidato cha nne," mwalimu akasema. "Nadharia atashika. Vitendo ndiyo shida, maabara tunaomba kwa watu. Miaka miwili, na siahidi kitu."

Jecha akavuta kiti. "Mwalimu wangu, mtoto ana akili huyu. Tuseme mmoja..."

"Miwili, mwalimu," Mize akasema, akakaa mbele ya baba yake. "Tunaanzia wapi?"