Namba Chini ya Chokaa

Nilifika Songea baada ya siku mbili barabarani kutoka Mwanza. Nililala Dodoma kwenye gesti yenye kunguni, nikabadilisha basi Iringa, na kuanzia Makambako sikumbuki kitu zaidi ya baridi iliyopenya kwenye dirisha lisilofunga na begi nililolipakata. Ndani yake mlikuwa na kompyuta, nguo chache, na router yangu ya antena nne ya kugawa intaneti, niliyoinunua nilipokuwa naishi Kigoma. Vitu vingine nilishazoea kuviacha kila nilipohama. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na uchovu niliokuwa nao haukuwa wa kulala ukaisha.

Nilipata chumba cha uani mtaa wa Bombambili, kwa mwalimu mstaafu na mumewe. Mama yule alinipa sharti moja.

"Siku ukiondoka, upake chokaa. Nirudishie chumba kama nilivyokupa."

"Nitapaka, mama. Kote nilikokaa nimepaka."

"Kote wapi?"

Nikamtajia Tabora, Kigoma, Moshi, Mwanza. Akanitazama miguu.

"Wewe unawashwa nyayo," akasema.

Mumewe alikuwa dereva wa malori kabla kiharusi hakijamshika. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakaenda nao. Mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo, aliwawekea intaneti ya waya, na kila siku saa kumi jioni alipiga simu ya video. Akimsalimia baba yake kwa Kingoni, mzee alicheka. Siku nzima alikaa kimya kwenye kiti chake, halafu saa kumi kicheko kilitoka tumboni, kikubwa, mpaka kuku wa uani walishtuka.

"Ile ndiyo dawa pekee ambayo simshiki kidevu ili aimeze," mama aliniambia.

Kazi yangu ilikuwa kuunganisha video za harusi na misiba ambazo wapiga picha wa mikoani walinitumia. Nilihitaji mtandao wenye nguvu, na mtandao wa kisanduku cha kampuni ya intaneti kilichokaa sebuleni haukufika chumbani kwangu. Kwa ruhusa ya mama nikavuta waya hadi kwangu na kufunga router yangu. Vikawa viwili, kila kimoja kinajiona ndicho kiongozi, na simu ya mtoto ikawa inakatika katikati ya salamu. Ndipo nikakiweka cha kampuni kwenye hali ya daraja, yaani kikaacha kugawa mtandao, kikabaki kupitisha tu. Kazi yote ikafanywa na router yangu pale dirishani. Simu haikukatika tena. Mtandao ulikuwa ukinifuata hadi kwenye mashine ya kusaga, kona ya pili ya mtaa.

Kwa kuwa vyote viwili vilitoka kiwandani na anwani moja, yaani namba ya kufungulia ukurasa wa mipangilio, nilibadilisha ya kisanduku cha kampuni, na neno lake la siri pia. Nikaandika vyote kwa penseli ukutani, juu ya kitanda, mahali nilipozoea kuandika namba za watu.

Nilikaa miaka mitatu. Sijawahi kukaa mahali kwa muda huo. Halafu nyayo zikaanza kuwasha. Hapakuwa na ugomvi wala sababu ya kumweleza mtu. Asubuhi moja nilitazama vilima vya Matogoro nikaona nimeshavitazama. Nikakata tiketi ya Tunduru.

Siku moja kabla ya safari nikapaka chokaa. Nilipaka vizuri, mara mbili, nikiwa nimechoka na kuondoka kwangu mwenyewe, maana nilikuwa nimepaka vyumba vingi mno. Saa nane mchana nikaosha brashi, nikakaa kwenye ndoo kukirudisha kile kisanduku katika hali ya kawaida, ili nichukue router yangu niwaachie chao kikifanya kazi. Nikainua macho ukutani kusoma anwani. Ukuta ulikuwa mweupe kama shati la komunio.

Nilijaribu anwani iliyobandikwa chini ya kisanduku. Haikufungua kitu, maana ndiyo niliyoibadilisha. Nyuma kuna kitundu ambacho ukikichokonoa kwa pini kinasahau kila kitu, lakini kingesahau na mipangilio ya kampuni, na fundi wao mara ya mwisho tulimsubiri wiki mbili. Wiki mbili za mzee kukaa kimya.

Nikaenda kumwambia mama. Alikuwa akichambua maharage mlangoni.

"Umepaka juu ya namba?"

"Ndiyo, mama."

"Nani alikutuma?"

"Wewe."

"Miaka mitatu hujanisikiliza chochote nilichokwambia, hata kuoa. Leo ndiyo unasikiliza chokaa!" Akacheka, kisha akaacha. Akatazama saa. "Akipiga asipotuona, huyu mzee hatakula."

Akaja na kitambaa kibichi, tukafuta wote wawili, yeye kwa uangalifu wa mtu aliyefuta ubao maisha yake yote. Chokaa mbichi ikatoka, na chini yake ile rangi ya zamani, na penseli. Anwani ilisomeka. Neno la siri lilisomeka lote ila tarakimu ya mwisho, iliyofutika nusu; mimi niliiona saba.

Nikachomoa waya kwenye router yangu, nikauingiza kwenye kompyuta. Ukurasa haukufunguka, maana kisanduku kilichokuwa daraja hakiipi kompyuta namba ya kuitambulisha. Ilibidi niipe mwenyewe, kwa mkono, namba ya ukoo mmoja na ya kisanduku, tofauti mwishoni tu. Ukurasa ukafunguka. Nikakosea neno la siri mara mbili.

"Hiyo ni tano," mama akasema, pua yake karibu na ukuta. "Saba zako unazikata katikati, nimezisoma kwenye barua zako. Hii haina mkato."

Ilikuwa tano.

Nikaondoa daraja, nikawasha mtandao wake, kisanduku kikazimika na kuwaka. Nikaunganisha simu ya mama, nikazima router yangu na kuitia begini. Saa kumi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya uani. Nikasikia simu ikiita, sauti ya mtoto, salamu ya Kingoni. Kuku wakashtuka. Nilisubiri niitwe kwamba imekwama, kama zamani. Sikuitwa.

Jioni nilitaka kuupaka upya ule ukuta. Mama akakataa. Alikuwa ameshaikoleza anwani na neno la siri kwa kalamu nene, kwa mwandiko wa darasani.

Asubuhi mzee alinishika mkono kwa ule wake wa kushoto, akachelewa kuuachia. Mama akasema, "Haya, nenda, nyayo zako zinasubiri," akaingia ndani haraka.

Nilitoka na simu mkononi. Mtandao wa router yangu ulikuwa ukinisindikiza hadi kwenye mashine ya kusaga. Huu wao ulikatika getini.